Kutambua maua ya porini: usihesabu petali kabla hujajua ua ni lipi

Mpwa wangu anasomea uongozaji watalii hapa Moshi. Juzi alinijia na picha ishirini za mimea, na jina alilokuwa na uhakika nalo lilikuwa moja tu: ndulele. Tulishinda siku mbili kandokando ya mashamba. Ninaandika njia tuliyopita, kwa sababu nami niliwahi kukwama palepale alipokwama yeye.

1. Vifaa

Daftari, penseli na lenzi ya mara 10, kama ile madalali wa tanzanite wanayochunguzia mawe. Lenzi isogeze hadi kwenye jicho, kisha lete ua kwenye lenzi. Chukua penseli, si kalamu. Umande huufuta wino.

Simu ibaki mfukoni kwanza. iNaturalist, programu ya simu inayotambua mimea kwa picha, naitumia na naipenda, lakini anayeanza nayo hupewa jina kabla hajautazama mmea. Kesho akiukuta hauna ua, hana la kusema.

2. Wakati na mahali

Mei na Juni, masika yanapoishia. Anza kwenye mipaka ya shamba na kingo za mifereji, baadaye nenda Msitu wa Rau, hapahapa Moshi. Ndani ya Hifadhi ya Kilimanjaro tazama na upige picha tu, usichume.

3. Anzia na mimea unayoila

Chunguza ua la nyanya, la maharage na la alizeti. Ukizijua familia hizo tatu, umepata mlango wa mimea mingi ya porini. Ndulele ina petali tano zilizoungana na katikati pana chavulio (sehemu zinazobeba chavua) za njano zilizosimama pamoja, kama nyanya. Marejea ina petali moja pana iliyosimama nyuma, kama maharage, na maganda yake yakikauka hulia ukiyatikisa.

4. Ua moja ni lipi hasa?

Hapa ndipo nilipopoteza siku nzima. Nilichuma Galinsoga parviflora, gugu dogo linalojaa kwenye bustani za mboga. Nikaona vipande vitano vyeupe, nikaandika "petali 5", nikaanza kutafuta kwenye familia za petali tano. Sikupata kitu. Jioni nikalipasua kwa sindano chini ya lenzi. Kila kidoadoa cha njano pale katikati kilikuwa ua kamili, lenye mdomo wake wa meno matano na mbegu yake chini. Vile vipande vyeupe navyo kila kimoja kilikuwa ua. Nilikuwa nimeshika kijiji kizima nikidhani ni nyumba moja.

Hiyo ndiyo familia ya alizeti. Kishona nguo ni wa humo. Kwa hiyo kabla ya kuhesabu chochote, pasua. Ukikuta maua madogo yamepangana juu ya kitako kimoja, huku kikombe cha vijani vya kijani kimeyakumbatia kwa chini, umefika kwao.

Ila angalia haya. Idadi ya vipande vyeupe hubadilika, na kishona nguo mwingine hana hata kimoja. Usiseme si yeye kwa sababu hiyo, tafuta mbegu nyeusi nyembamba zenye miiba kichwani, zile zinazong'ang'ania suruali. Halafu si kila shada ni la familia ya alizeti. Lantana ya kwenye nyua hukusanya maua yake pamoja, lakini ukilichomoa moja utaona halikai ndani ya kikombe cha pamoja. Lantana hiyohiyo itakufundisha kutoamini rangi: maua yake mengi huanza ya njano yakageuka mekundu au ya waridi yanapozeeka, yote katika shada moja.

Na kuna bogenvilia. Mpwa wangu alibisha sana hapa. Ile zambarau inayopamba uzio ni majani. Ua lenyewe ni kile kimrija chembamba chenye mdomo mweupe kilichojificha katikati. Si mmea wa porini, lakini uko kila mtaa, na ukiuelewa huo hutadanganywa na rangi tena.

5. Jani na shina

Majani yanakabiliana au yanapishana? Shina ni la mviringo au la pembe nne? Shina la pembe nne, majani yanayokabiliana na ua lenye midomo miwili: fikiria ndugu wa kivumbasi. Lantana pia ina pembe nne, ila si wa familia hiyo.

Shina likivunjika likatoa utomvu mweupe, usiguse macho. Usionje mmea usioujua, hata kidogo.

6. Kuthibitisha

Sasa toa simu. Bashiri familia kwanza, ndipo uulize programu. Ikikukatalia, rudi kwenye ua na lenzi kabla ya kukubali.

Mmea unaokushinda ukaushe katikati ya magazeti chini ya matofali, pamoja na ua, jani na tunda kama lipo. Badilisha magazeti kila siku, la sivyo utaota ukungu. Andika siku hiyohiyo mahali, tarehe na rangi ya ua, kwa kuwa rangi hupotea. Arusha ndiko iliko Hebaria ya Taifa, yaani hazina ya mimea iliyokaushwa, na sampuli isiyo na maelezo hayo haiwasaidii wataalamu wake.

Mpwa wangu ameshakausha saba. Ya nane, ya maua ya chungwa yaliyojikusanya kama mipira kwenye shina, aliipa jina mwenyewe kabla sijafungua mdomo: Leonotis.