Biskuti Laini za Maumbo: Kuoka na Kupamba kwa Sikukuu katika Joto la Dar es Salaam

Anayeoka biskuti za Krismasi jijini Dar es Salaam huifanya kazi hiyo wakati kaskazi imeshaanza kuvuma, joto la mchana likiwa nyuzi 31 au 32 za Selsiasi na hewa ikiwa nzito kwa unyevu wa bahari. Maelekezo mengi yanayozunguka mitandaoni yameandikwa na watu ambao Desemba kwao ni mwezi wa baridi, na ndiyo maana humwambia mpishi aiache siagi mezani saa nzima ili ilainike. Akifuata ushauri huo katika jiko la Sinza au Mbagala saa nane mchana, atakuta mafuta yanayoelea bakulini. Siagi huwa tayari kuchanganywa na sukari ikiwa na nyuzi kati ya 18 na 20, na huyeyuka kabisa inapokaribia nyuzi 35, kwa hiyo hapa kwetu dakika kumi hadi kumi na tano nje ya jokofu zinatosha. Ukiibonyeza kwa kidole, kidole kiache alama bila kuzama.

Hata hivyo, hewa hiyo hiyo inayolisumbua donge la unga wa biskuti inaifaa biskuti yenyewe. Biskuti kavu za kuvunjika hunywa unyevu na kulegea kabla Krismasi haijafika, lakini biskuti laini, ambayo tangu mwanzo tunataka iwe na unyevu ndani, haina cha kupoteza. Kwa sababu hiyo naona ni busara mkaazi wa pwani kuchagua biskuti laini, kisha akaelekeza nguvu zake zote katika kulilinda donge dhidi ya joto.

Kwa biskuti 30 hivi zenye upana wa sentimita 7, andaa gramu 225 za siagi isiyo na chumvi, gramu 200 za sukari nyeupe yenye chembe ndogo, yai moja kubwa, vijiko vinne vya chakula vya mtindi mzito, na vijiko viwili vya chai vya vanila. Upande wa vikavu, chukua gramu 400 za unga wa ngano, gramu 30 za wanga wa mahindi, yaani ule mweupe laini wa kuongezea uzito wa mchuzi, kijiko kimoja cha chai cha beking pauda na nusu kijiko cha chumvi. Mizani ya jikoni itakusaidia kuliko kikombe, kwa maana kikombe kilichoshindiliwa unga huzidi kwa urahisi, na unga uliozidi ndio unaozifanya biskuti kuwa kavu. Mimi huongeza nusu kijiko cha chai cha iliki iliyosagwa. Anayependa kungumanga aikwangue kidogo tu, kwa sababu hufunika ladha nyingine zote.

Neno siagi linahitaji tahadhari, kwa kuwa wengi wetu tunalitumia pia kwa majarini ya kopo, ile ya kupaka mkate. Siagi ya maziwa huwa na mafuta yapatayo asilimia 80, ilhali majarini nyingi za kupaka zina maji mengi zaidi na tayari zina chumvi. Biskuti za majarini hutanuka ovenini na kupoteza kingo zake. Ikiwa bajeti hairuhusu siagi ya maziwa peke yake, tumia nusu kwa nusu na uondoe ile chumvi ya nyongeza. Mtindi nao uchujwe kwa kitambaa safi kwa nusu saa kabla ya kupimwa, kwani maji yake hayatakiwi. Kinachotakiwa ni mafuta yake na uchachu, ambao huifanya biskuti iwe nyororo. Wanga wa mahindi unasaidia kwa njia nyingine: hupunguza nguvu ya ule utando unaojengeka unga wa ngano unapokandwa, utando ambao tunauhitaji katika chapati na mkate lakini hapa ni adui.

Piga siagi na sukari kwa dakika mbili tu. Ukiendelea mpaka mchanganyiko ujae hewa, biskuti zitaumuka kisha zitasinyaa, na maumbo yake yatapotea. Tia yai, mtindi na vanila, changanya, kisha ongeza vikavu vilivyochekechwa, kwa mafungu mawili, ukigeuza kwa mwiko hadi unga mkavu usionekane tena. Ukifika hapo acha. Mkono uliozoea kukanda unga wa maandazi utakuwa na hamu ya kuendelea, lakini uzuie.

Donge litanata kidogo, na wengi hukimbilia kuongeza unga. Badala yake, ligawe mara mbili, weka kila nusu kati ya karatasi mbili za kuokea, na ulisukume hapo hapo likiwa bado laini, kwa kifimbo cha chapati, hadi liwe na unene wa milimita 7. Unene huu usipunguzwe, maana biskuti ya milimita 3 haiwezi kuwa laini hata ukifanya nini. Ili unene uwe sawa, mimi huweka kila upande fito za mbao zenye unene uleule, nilizoziomba kwa fundi seremala, na kifimbo kikapita juu yake hizo fito. Kisha laza karatasi hizo, na donge lake katikati, juu ya trei na uziingize kwenye jokofu kwa saa moja na nusu. Kusukuma kabla ya kupoza ndiko kunakotuokoa sisi wa pwani, kwa sababu donge lililopozwa likiwa bonge huwa gumu kama jiwe nje, na hadi ufanikiwe kulisukuma limeshayeyuka kingoni.

Mwaka wangu wa kwanza niliruka hatua hiyo ya kupoza kwa sababu wageni walikuwa njiani. Miti ya Krismasi iliyoingia ovenini ilitoka ikiwa vidole vilivyoungana, na watoto walibishana kama ni miti au mikono. Sababu yake ni nyepesi: mafuta yaliyokwisha kulainika huyeyuka na kutiririka kabla unga na yai havijashikana, ilhali mafuta ya baridi huchelewa, na katika kuchelewa huko umbo hupata nafasi ya kukaza.

Vikatio hupatikana katika maduka ya vifaa vya keki Kariakoo, ingawa vingi ni vya nyota, moyo na kengele. Anayetaka umbo lake anaweza kulichora kwenye mfuniko safi wa ndoo ya aiskrimu, akaukata, akauweka juu ya donge na kuufuatisha kwa ncha ya kisu. Kwangu Desemba haipiti bila biskuti za embe, kwa kuwa huo ndio msimu wake, na za ngalawa. Anayeokea Idi atakata mwezi mwandamo. Epuka ncha nyembamba sana, kwani huungua wakati katikati bado ni kubichi. Ukishakata, rudisha biskuti zikiwa kwenye trei ndani ya friza kwa dakika 10, na toa trei moja moja kadiri oveni inavyokuwa tayari.

Oveni iwe imeshika nyuzi 175 kabla trei haijaingia. Oka kwa dakika 9 hadi 11. Hapa ndipo ulaini unapopatikana au kupotea: biskuti itolewe wakati uso wake ungali mweupe na haung'ai tena, na kingo za chini zikianza tu kugeuka rangi. Utadhani haijaiva. Iache juu ya trei dakika tano, joto la trei litaimalizia, kisha uihamishie kwenye wavu. Ukisubiri iwe na rangi ya dhahabu ovenini, utakula biskuti nzuri lakini ngumu.

Asiye na oveni, au aliyekatikiwa umeme huku donge likiwa jokofuni, anaweza kuoka kwa mkaa. Tandika mchanga mkavu ndani ya sufuria kubwa, uipashe moto robo saa, weka sahani ya bati yenye biskuti, funika, kisha palia makaa juu ya mfuniko, yakiwa mengi kuliko ya chini. Anza na biskuti moja ya majaribio, kwa sababu majiko hayafanani. Kazi hii ifanyike nje au mahali penye hewa ya kutosha.

Mapambo yasianze hadi biskuti zimepoa kabisa. Aisingi rahisi ni gramu 200 za sukari ya unga iliyochekechwa, vijiko viwili vya chakula vya maziwa na matone ya ndimu. Hii hubaki laini na katika unyevu wetu haikauki vizuri, kwa hiyo inafaa biskuti zitakazoliwa siku hiyo. Ya kukauka hutengenezwa kwa ute wa yai moja na gramu 200 za sukari ya unga. Kwa kuwa ute mbichi unaweza kubeba vijidudu vya salmonela, nyumba yenye watoto wadogo, wajawazito au wazee itumie ute wa yai uliokaushwa kuwa unga na uliokwisha kuuliwa vijidudu. Rangi ziwe za jeli, maana zile za maji huilegeza aisingi. Manjano kidogo hutoa rangi ya embe bivu, na maji mazito ya rozela hutoa waridi katika aisingi yenye ndimu, ila katika ute wa yai waridi hiyo inaweza kugeuka kuwa ya kijivu.

Uzito wa aisingi hupimwa kwa kuhesabu. Pitisha kisu katikati ya bakuli: mfereji ukifutika baada ya sekunde 20, inafaa kuchora kingo, ukifutika baada ya sekunde 10, inafaa kujazia ndani. Ongeza maji kwa matone, kamwe si kwa kijiko. Badala ya mfuko wa plastiki wa kuminyia aisingi, kunja karatasi ya kuokea iwe na umbo la pembe ya mnyama, itie aisingi na ukate ncha yake ndogo sana. Chora kingo kwanza, subiri dakika kumi, kisha jaza na usambaze kwa kijiti cha meno. Kausha chini ya pangaboi kwa saa nane au zaidi, na usizitie kwenye jokofu, kwani zikitoka humo hutokwa jasho na rangi zikachuruzika.

Zihifadhi katika kopo lenye mfuniko wa kubana, karatasi ikitenganisha kila safu, na uliweke kopo hilo katikati ya sinia lenye maji kidogo, kwani sisimizi wa jiji hili hawana haya. Zitakaa siku nne hadi tano. Anayetaka kuanza mapema azigandishe zikiwa hazijapambwa, kwa muda usiozidi miezi miwili, na siku ya kuzitoa aliache kopo likiwa limefungwa hadi lifikie joto la chumba, ili jasho libaki nje ya kopo, ndipo aanze kuzipamba.