Daftari la Mapishi la Nyanya: Namna ya Kulihifadhi Ukiwa Ughaibuni

Familia nyingi za Mombasa zina daftari moja la mapishi la nyanya, yaani bibi, ambalo kila mtu analijua na hakuna aliyelinakili. Liko Kibokoni au Majengo, kwenye droo ya kabati la vyombo, jalada limeng'oka, na kurasa za biriani na mahamri zimelowa samli hadi zinapitisha mwanga. Wewe uko London, Toronto au Jeddah, na kila ukipiga simu kuuliza kipimo unajibiwa "tia kiasi". Ukipanga safari ya nyumbani, nakusihi ulitengee daftari hilo siku zake. Na usidhani kazi ni kupiga picha tu. Aliyeliandika alikuwa anajikumbusha mwenyewe, kwa hiyo yale aliyoyajua sana hakuyaandika. Ukiondoka na kurasa bila maelezo yake, umeondoka na nusu.

Kwanza omba ruhusa. Usivute droo. Shikamoo nyanya, kaa, kunywa chai, kisha eleza unachotaka. Daftari hizi hazina mapishi peke yake: mna majina ya waliodaiwa, dawa za watoto, tarehe za kuzaliwa, pengine mambo ya ndoa ya mtu. Mna pia mapishi ya biashara, ya achari au halua iliyowasomesha wajomba zako. Akisema ukurasa fulani usitoke nje ya nyumba, usitoke, na usiupige picha kwa siri. Kuhusu kulichukua daftari lenyewe, mimi naona libaki kwa mwenyewe maadamu yu hai na analitumia. Kama amekukabidhi kwa hiari yake, mbele ya wenzako, lisafiri kwenye begi la mkononi, katikati ya vibao viwili vya kadibodi ngumu, wala lisiingie kwenye mzigo wa chini ya ndege.

Ukiweza, fanya kazi hii wakati wa kaskazi, kati ya Desemba na Februari. Masika yakiingia hewa ya pwani hujaa unyevu, kurasa huvimba na kushikana.

Huhitaji mashine ya kuskani. Kuibana daftari kwenye kioo chake ndiko kunakolivunja mgongo. Ukurasa wa A4 ukiskaniwa kwa nukta 300 kwa inchi hutoa picha ya pikseli 2,480 kwa 3,508, yaani hazifiki megapikseli 9. Simu yenye kamera ya megapikseli 12 inatosha. Weka meza karibu na dirisha lisilopigwa na jua, zima flashi, na simu iwe sambamba na ukurasa. Tumia kamera ya kawaida, kwa kuwa programu nyingi za kuskani hugeuza ukurasa kuwa mweupe pe na kufuta penseli iliyofifia. Pale maandishi yalipopotea, piga picha ya pili huku mwenzako akimulika tochi kutoka ubavuni: alama za kalamu zilizozama kwenye karatasi zitatoa kivuli na utazisoma. Piga jalada, kurasa tupu, na kila kikaratasi kilichochomekwa ndani, mbele na nyuma. Ukituma kwa WhatsApp, tuma kama hati, maana ikitumwa kama picha hupunguzwa ubora.

Sasa makosa ya nia njema. Selotepu hugeuka manjano na gundi yake hupenya karatasi. Laminesheni huunguza na haibanduki tena. Doa la samli liache. Usifute kwa kitambaa kibichi, kwa sababu wino wa kalamu za zamani huyeyuka kwa maji. Kurasa zilizogandana usizivute, na zenye ukungu usizianike juani. Zikaushe kivulini penye upepo, vaa barakoa, kisha pangusa nje kwa brashi laini. Ukiona vijidudu vya rangi ya fedha vikikimbia, lifunge daftari kavu ndani ya mifuko miwili ya plastiki, hewa itoke, liweke kwenye friza ya nyuzi 18 chini ya sifuri kwa wiki mbili, halafu liache siku nzima nje ya friza kabla ya kufungua mfuko. Likiwa limeharibika sana, simama hapo na uulize. Makumbusho ya Fort Jesus yana maabara ya uhifadhi wa vitu vya kale, na watu wake wanaweza kukuelekeza.

Baada ya picha ndipo kazi yenyewe inapoanza, jikoni. Nunua mizani ndogo ya dijitali inayopima gramu 1. Usimwambie nyanya apime, mkono wake utababaika. Pima wewe. Weka chombo cha unga juu ya mizani, soma, mwache achote anavyochota siku zote, soma tena. Tofauti ndiyo "kiasi" chake. Fanya hivyo kwa sukari, hiliki, hamira na tui. Daftari litakuwa limesema: "Unga ratili 2, sukari, hiliki, hamira, tui. Kanda." Basi. Lakini yeye hamimini tui lote kwa pamoja. Anatia kasimele, lile tui zito la kwanza, kidogo kidogo, anakanda, anasimama, anabonyeza donge kwa kidole na kutazama kama linarudi. Kwenye karai anachota mafuta ya moto kwa upawa na kuyamwagia hamri juu hadi lifure. Hayo hayamo kwenye karatasi. Kamera ielekee mikono, sauti iachwe iingie, hata ya jirani anayebisha hodi. Na badala ya kumuuliza "dakika ngapi?", muulize "umejuaje kwamba tayari?"

Vipimo vya zamani viulizie mapema. Ratili ni karibu gramu 454, wakia karibu gramu 28. Kibaba ni robo ya pishi, lakini ni kipimo cha ujazo, kwa hiyo uzito unafuata kilichopimwa. Kopo la mafuta ya Kimbo alilokuwa akipimia, kama bado lipo, lijaze maji na ulipime: kila gramu 1 ya maji ni mililita 1. "Bizari ya thumni", yaani ya senti hamsini, inahitaji mtu aliyenunua viungo sokoni Marikiti enzi hizo akuonyeshe kwenye kiganja ilikuwa kiasi gani. Halafu muulize ni bizari ipi, nyembamba, ya manjano au ya pilau.

Daftari la zamani zaidi huenda limeandikwa Kiswahili kwa herufi za Kiarabu. Hapo usikawie hata mwaka mmoja, maana wanaozisoma kwa wepesi wanapungua. Katika maandishi hayo herufi ya ba mara nyingi husimamia b, p na hata mb, kwa hiyo anayejua Kiarabu lakini hajui upishi wa Mombasa atakusomea vingine kabisa. Mkalishe msomaji pamoja na mpishi, rekodi wakisoma kwa sauti, na uandike kwa herufi za Kirumi siku ileile.

Daftari lilale bapa kwenye boksi la karatasi isiyo na asidi, au angalau lizungushiwe kitambaa cheupe cha pamba kilichofuliwa, mbali na jikoni, ukuta wa nje na sakafu. Ukilihifadhi Ulaya au Amerika ya Kaskazini, liwe mbali pia na hita. Picha ziwe na nakala tatu: moja Mombasa, moja kwako, moja kwenye hifadhi ya mtandaoni ambayo watu wawili wa familia wana nywila yake.

Kisha chapisha nakala moja, itie kwenye faili na uipeleke jikoni kwako. Hiyo ndiyo ya kuchafuliwa. Pembeni andika unga wa huko ulikunywa tui kiasi gani, na tui la kopo lilihitaji maji kiasi gani ili liwe jepesi. Ukikwama, piga simu nyanya akiwa bado macho, na jibu lake liandike papo hapo pamoja na tarehe.