Namna ya Kuchora Giza: Michoro ya Halloween kwa Watoto wa Kigoma

Kila Oktoba inapokaribia kwisha, watoto wa mtaani kwetu hapa Ujiji huanza kunijia barazani na picha walizoziona katika simu za kaka na dada zao: maboga yaliyotobolewa macho, mafuvu yanayocheka, nyumba zilizopinda na popo waliotanda juu ya paa. Picha hizo ni za Halloween, mkesha wa sikukuu ya Watakatifu Wote, ambao huangukia tarehe 31 Oktoba. Huko Ireland na Scotland, watu walichonga nyuso katika mzizi wa mviringo uitwao tanipu, kabla wahamiaji hawajaivusha desturi hiyo hadi Marekani na kulikuta boga, ambalo ni kubwa zaidi na huchongeka kwa urahisi. Kwetu hakuna anayebisha hodi nyumba kwa nyumba usiku huo kuomba peremende, wala sioni haja ya kuanzisha mtindo huo. Lakini mwisho wa Oktoba mvua zimekwisha kuanza, jioni watoto hukaa ndani, na sijapata somo jingine linalowafanya wakazane na penseli kwa muda mrefu kama kuchora vitu vya kutisha.

Jambo la kwanza ninalowafundisha ni kwamba kutisha hakutoki katika meno wala katika damu. Mtoto akiambiwa achore kitu cha kuogofya, mara moja huchora mdomo mpana wenye meno ya msumeno, kisha humwaga rangi nyekundu pande zote, naye hushangaa kuona wenzake hawashtuki. Kinachomshtua mtazamaji ni giza, na hasa mahali mwanga unapotokea ndani ya giza hilo. Kwa hiyo kabla ya kugusa karatasi, ngojeni usiku uingie, zimeni taa, mmoja aweke tochi chini ya kidevu chake, na wengine wamtazame kwa makini. Tangu tuzaliwe tumezoea kuziona nyuso zikiangazwa kutoka juu, na jua au na taa ya darini, kiasi kwamba vivuli vikigeuka na kupanda juu, hata uso wa ndugu yako huonekana mgeni. Tazameni sehemu zinazong'aa: kidevu, upande wa chini wa pua, na nyama iliyo chini ya nyusi. Paji la uso na sehemu ya juu ya mashavu hubaki gizani.

Mkisha kuyaona hayo, taa iwashwe na kila mtu achukue karatasi ya kaki, kipande cha mkaa mwepesi, raba na chaki nyeupe. Karatasi ya kaki inafaa kuliko nyeupe kwa sababu yenyewe ni giza la wastani, hivyo mkaa unaongeza giza na chaki inaongeza mwanga. Chora umbo la yai kwa mstari hafifu, weka macho katikati ya urefu wa kichwa na wala si karibu na nywele kama watoto wengi wanavyofanya, kisha paka mkaa uso mzima na uusambaze kwa kitambaa mpaka uonekane kama ukungu. Sasa futa kwa raba zile sehemu mlizoziona ziking'aa, na mwishoni kabisa gusa kwa chaki chini ya pua na ukingo wa kidevu. Usizungushe mstari mzito kuufunga uso. Uache upande mmoja upotelee gizani, maana jicho la mtazamaji litaumaliza lenyewe, na litaumalizia vibaya kuliko ambavyo mkono wako ungeweza.

Boga linafuata kanuni hiyohiyo, ila mwanga wake unatoka ndani. Boga si duara. Anza na kikonyo kifupi kilichopinda, teremsha kutoka hapo pande la katikati lililosimama kama yai, kisha ongeza mapande mengine kushoto na kulia, kila moja likijificha kidogo nyuma ya lile lililotangulia, na utaona boga limenenepa lenyewe. Chora macho ya pembetatu na mdomo, halafu ndani ya kila tundu chora mstari wa pili unaofuata upande mmoja tu; mstari huo ndio unene wa nyama ya boga, na bila huo tundu huonekana kama karatasi iliyobandikwa. Kosa ninaloliona kila mwaka ni mtoto kulipaka ganda rangi ya machungwa inayowaka, kisha kuyajaza macho rangi nyeusi. Ikiwa mshumaa umo ndani, basi katikati ya jicho kuwe na njano ya kung'aa, unene wa nyama uwe machungwa, na ganda la nje ndilo lizame katika kahawia na weusi. Kwa upande wa kuchekesha, mwambie kila mtoto alipe boga lake habari fulani: boga lililolamba ndimu, boga linalozuia chafya, boga lililosikia jikoni kwamba kesho linapikwa futari. La mwisho hilo lilichorwa na binti mmoja wa miaka tisa, macho yote mawili yakiwa yamegeukia upande wa sufuria, na kwangu lilikuwa bora kuliko mafuvu yote ya siku ile.

Mchoro ninaoupenda zaidi, na ambao nadhani sisi wa Kigoma tumejaliwa kuuchora kuliko watu wengine, ni ule wa ziwa usiku. Mtu akisimama ufukweni Kibirizi usiku usio na mwezi huona taa za wavuvi wa dagaa zimejipanga mbali majini kama mji ambao mchana haukuwapo. Wavuvi huwafuata dagaa katika giza kwa sababu taa ndizo zinazowavuta, na mbalamwezi ikiwa kali taa hizo hazina nguvu. Chini ya taa hizo kuna Ziwa Tanganyika, lenye kina cha mita 1,470 panapozidi kina, la pili duniani kwa kina baada ya Ziwa Baikal la Urusi, na sehemu kubwa ya maji yake ya chini haina oksijeni wala samaki. Mwelezeni mtoto hayo kabla hajaanza, na mkono wake utalijua giza analolichora.

Njia yake ni ya kukwangua. Paka karatasi nzito, kwa mfano manila, rangi za nta kwa kukandamiza sana: njano, nyeupe na machungwa katikati, bluu na kijani pembeni, bila kuacha hata doa la karatasi tupu. Juu yake funika rangi nyeusi. Anayeweza kununua rangi ya maji anunue, lakini mimi hutumia masizi ya sufuria yaliyochanganywa na uji mwepesi wa unga wa muhogo, ambao huyashikisha, pamoja na matone machache ya sabuni ya maji, kwa sababu bila sabuni maji hukataa kushika juu ya nta na hujikusanya vidonge vidonge. Paka mara mbili, acha ikauke kabisa. Halafu kwa msumari au ncha ya kalamu iliyokwisha wino, kwangua nukta moja kwa kila taa, na chini ya kila nukta teremsha mkwaruzo mwembamba uliokatika katika kuja upande wako, kwa kuwa mwanga juu ya mawimbi haulali kama mstari ulionyooka. Taa za mbali ziwe ndogo na zikaribiane. Mtumbwi wenyewe usiuchore; kwangua ukingo wake mmoja na bega la mvuvi mmoja, basi. Anayetaka kutisha aache taa moja ikiwa mbali na nyingine zote, na chini yake akwangue kwa wepesi sana umbo kubwa lisilotambulika, ambalo mtazamaji ataliona baada ya kuitazama picha kwa muda.

Wapo wanaoniomba merikebu ya mizimu kama zile za picha za Ulaya, zenye matanga yaliyochanika. Mimi huwapeleka kwenye meli yetu wenyewe. MV Liemba iliundwa Ujerumani mwaka 1913 ikiitwa Graf von Götzen, ikaletwa ikiwa vipande, ikaunganishwa upya hapa Kigoma na kushushwa majini mwaka 1915. Mwaka uliofuata, vita ilipowaelemea, Wajerumani waliizamisha wenyewe kwa makusudi baada ya kuzipaka injini zake grisi nzito zisiliwe na kutu, na Waingereza wakaja kuiopoa mwaka 1924 kabla ya kuirudisha kazini kwa jina jipya mwaka 1927. Kwa hiyo ipo miaka ambayo meli hiyo ilikaa chini ya maji ikiwa nzima, na hiyo ndiyo ya kuchora. Igawe karatasi kwa mstari wa maji karibu na ukingo wa juu, chora vilima vya Kigoma vidogo vikiwa kwenye jua, na sehemu yote iliyobaki iwe maji, yanayozidi kuwa meusi kadiri yanavyoshuka. Meli iwekwe chini, imeinama kidogo, na samaki wakitoka katika madirisha yake. Hapa tena mistari iwe hafifu; kitu kilicho ndani ya maji hakina kingo kali.

Popo na bundi hawahitaji maelezo marefu. Bawa la popo ni mkono: kidole gumba ni ile ndoano ndogo ya juu, na vidole vinne vilivyorefuka ndivyo vinavyolishikilia lile pazia la ngozi, hivyo chora vidole kwanza, kisha tandaza ngozi kati yake kwa mikunjo inayoingia ndani. Bundi hawezi kuyazungusha macho yake, na ndiyo maana hugeuza kichwa kizima hadi nyuzi 270. Mchore mgongo ukiwa kwetu na uso pia ukiwa kwetu, na hutahitaji kumwongezea kitu kingine.

Zimwi ni la kuchora kwa kundi. Kunja karatasi kwa mapana iwe na sehemu tatu. Wa kwanza achore kichwa katika sehemu ya juu, aache mistari miwili ya shingo ivuke kidogo mkunjo, kisha afunike kazi yake; wa pili aendeleze kiwiliwili bila kuona kichwa, naye aache mistari ya nyonga; wa tatu achore miguu. Ikifunguliwa, kicheko kitasikika hadi barabarani. Mwaka jana tulipata zimwi lenye kichwa cha mgebuka, samaki wa ziwa letu, tumbo la ndoo na miguu ya kuku iliyovaa kandambili, na watoto wakaanza kubishana zimwi hilo linakula nini na linalala wapi, hadi likawa na hadithi yake. Wahenga walisema zimwi likujualo halikuli likakwisha, na nimeona kwamba mtoto aliyelichora zimwi lake mwenyewe usiku huo hulala bila hofu.

Kuna mchoro mmoja ambao siuruhusu barazani kwangu, nami naomba mzazi au mwalimu atakayefuata maelezo haya asiuruhusu. Picha za Halloween zimejaa bibi kizee mchawi mwenye kibiongo na macho mekundu. Miaka ya nyuma nilimwacha kijana mmoja amchore, tena nikamsifu kwa namna alivyoitia mikunjo ya uso vivuli, mpaka mdogo wake alipoisogelea picha na kusema, "Huyu ni bibi wa pale kisimani." Wote walinyamaza. Katika mikoa yetu ya magharibi na Kanda ya Ziwa wako akina mama wazee waliouawa kwa kudhaniwa wachawi, na dalili iliyotajwa mara nyingi ilikuwa macho mekundu, ambayo mtu aliyepikia kuni maisha yake yote huyapata kwa moshi. Watu wenye ualbino nao wamewindwa kwa imani za aina hiyo. Niliichukua ile picha, nikakaa na wale watoto tukaongea kuhusu moshi wa jikoni, kisha siku ya pili nikaenda kumsalimia yule bibi, nikapokewa vizuri kuliko nilivyostahili. Tangu siku hiyo, anayetaka kuchora mchawi huchora fimbo iliyoegemea ukuta na kivuli kirefu kisicho na mwenyewe, na mchoro huo umekuwa ukitisha kuliko ule wa kwanza.

Kazi ya usiku wenyewe, ambayo huanzwa siku moja kabla, ni nyumba yenye madirisha yanayowaka. Juu ya karatasi nyeupe ya kawaida chora kwa penseli laini, 4B ikipatikana, nyumba kuukuu kama zile za Ujiji zenye mlango wa mbao na miembe mirefu pembeni, kisha tia weusi kila mahali isipokuwa madirishani. Yeyusha mawese kidogo, chovya pamba, na kwa nyuma ya karatasi paka madirisha tu, polepole, usivuke ukingo, kwa sababu mafuta husambaa yenyewe. Kandamiza kwa karatasi nyingine inyonye yaliyozidi, uiache hadi kesho yake. Mafuta huifanya karatasi ipitishe mwanga, na wekundu wa mawese huyafanya madirisha yawe na rangi ileile ya kibatari, rangi ambayo sijawahi kuipata kwa penseli ya dukani. Katika dirisha moja, kabla ya kupaka mafuta, chora kichwa cha mtu aliyesimama, kidogo sana, bila macho.

Tundikeni michoro hiyo kwenye kamba barazani giza likiingia, na nyuma ya kila mmoja wekeni tochi. Mshumaa au kibatari visikaribie, maana karatasi iliyolowa mafuta hushika moto haraka. Tochi isigusane na karatasi, iwe nyuma kwa urefu wa kiganja, ielekezwe juu kidogo, na iwashwe baada ya watu wote kukaa na kunyamaza.