Kusoma dalili za bustani Uingereza, kuanzia Februari hadi Mei

Mkulima aliyezoea kungoja mvua za masika, akihamia kusini mwa Uingereza, hulazimika kujifunza kungoja kitu kingine, nacho ni joto la udongo. Jua la mwisho wa Februari linaweza kuwaka siku kadhaa mfululizo na kumshawishi mtu atoe mbegu zake zote, ilhali udongo ungali na baridi ya Januari, na maharage yakifukiwa humo huoza kabla ya kuota. Kwa hiyo bustani isomwe kwa dalili zake yenyewe.

Anza na urefu wa mchana. Mwezi wa Desemba mchana wa London ni wa saa 8 hivi tu. Kufikia katikati ya Februari hukaribia saa 10, na hapo sukuma wiki iliyovumilia baridi huanza kutoa majani mapya. Machi au Aprili shina lake hurefuka na kutoa vichwa vya maua, kwa kuwa mmea huo ukishapitia baridi hujiandaa kuzaa mbegu. Usiung'oe upesi. Vichwa hivyo vikichumwa kabla maua ya njano hayajafunguka ni vitamu sana vikikaangwa na kitunguu, tena hupatikana wakati ambapo bustani haina mboga nyingi nyingine.

Dalili ninayoiamini kuliko zote ni udongo wenyewe. Chimbua kwa kina cha kidole, chukua konzi moja, uifinye, kisha ulisukume donge hilo kwa dole gumba. Likibaki zima, liking'aa na kukuachia utelezi wa tope kiganjani, ondoka bustanini, kwa sababu kukanyaga udongo wa mfinyanzi ulioloa huubana na kuziba nafasi za hewa ambazo mizizi itazihitaji baadaye. Likimeguka na kuwa chembechembe, unaweza kulainisha tuta. Hapo chomeka kipimajoto cha udongo kwa kina cha sentimita 5 hivi saa 3 asubuhi, na urudie kwa wiki moja, maana kipimo cha siku moja hakitoshi. Njegere na spinachi huota udongo ukifika nyuzi 7 za Selsiasi na zaidi. Karoti na bitiruti nazo huota, ila polepole. Maharage yasubiri nyuzi 12, na mchicha usubiri angalau nyuzi 15. Palipo na haraka, funika tuta kwa nailoni angavu wiki chache kabla ya kupanda, ili udongo upate joto na mvua isiuloweshe zaidi.

Nyanya na pilipili huanzia ndani ya nyumba. Watu wengi huzisia Januari kwa hamu, nayo miche hurefuka, hupauka na kupinda kuelekea dirishani kwa kukosa mwanga. Ikisiwa mwezi wa Machi huwa mifupi, yenye shina nene.

Jambo linalowaponyoka wengi ni jalidi, yaani umande unaoganda, ya Aprili na Mei. Usiku wa mawingu huwa na nafuu, kwani mawingu huzuia joto la ardhi lisipotee. Usiku usio na mawingu wala upepo ndio wa kuogopwa, hata utabiri ukisema nyuzi 2 au 3 juu ya sifuri, kwa sababu hewa iliyogusana na ardhi huwa baridi zaidi, hasa bondeni. Jioni ya namna hiyo funika miche kwa kitambaa chepesi cha bustani au magazeti, na ufunue asubuhi. Miche ya ndani izoeshwe nje kwa siku 7 hadi 10, mchana kwanza, kisha usiku, ndipo ihamishiwe shambani mwishoni mwa Mei. Kaskazini mwa nchi na Scotland, ngoja hadi Juni.