SOMO: Kupima uchachu wa ukeni mwenyewe nyumbani ukihisi BV (bakteria wa ukeni kuvurugika, unatoka uchafu wenye shombo), na mahali karatasi inapoishia

Habari zenu wadada, na wakaka mnaosomaga kimya kimya nanyi karibuni. Mimi nashinda duka la dawa huku Igoma, Mwanza, na haipiti wiki hajaja mtu akaegemea kaunta, akasubiri wateja wengine waondoke, alafu aseme kwa sauti ya chini "dada nipe Flagyl za uchafu". Ukimuuliza umepima anakwambia nimenusa. Sasa kunusa sio kupima, ndo maana nimeamua niandike hili somo.

Kuna mdada alikuja anafanya kazi ya kuanika dagaa Igombe, yeye alikuwa anaamini shombo anayoisikia ni ya kazini imemwingia mwilini, kwa hiyo akawa anajiosha ndani na sabuni ya mche asubuhi na jioni, na kadiri anavyoosha ndo harufu inapanda, mpaka akawa hakai karibu na mtu kwenye daladala. Nikamuuliza, we ukinunua samaki Mwaloni shombo unaikata na nini? Akasema ndimu. Umewahi kuikata na sabuni? Akacheka.

Iko hivi. Shombo ya samaki ni kemikali inaitwa trimethylamini. Ndimu ni asidi, asidi inaishika ile kemikali isiruke hewani ikafika puani. Sabuni ni kinyume cha asidi, yenyewe inaiachia. Na BV inatengeneza hiyo hiyo trimethylamini, yani sio mfano, ni kemikali ile ile. Ndo maana harufu inakolea ukijiosha na sabuni, na inakolea baada ya tendo maana shahawa nazo sio asidi. (Najua tayari kuna mtu kashika ndimu hapo. Iweke chini. Itaunguza nyama laini za huko ndani na ugonjwa utabaki pale pale, umeficha harufu tu.)

Uke wenye afya ni mchachu, pH yake (namba ya kupimia uchachu, ikiwa ndogo ndo uchachu mkali) ni 3.8 mpaka 4.5, na uchachu unaletwa na bakteria walinzi wanaoitwa laktobasilasi, wanatengeneza asidi ya laktiki kama ile ya kwenye maziwa mgando. BV ni pale walinzi wamepungua alafu bakteria wengine wakiongozwa na wanaoitwa gadinerela wamejaa, uchachu unashuka, namba inapanda juu ya 4.5. Hicho tu ndo unachoweza kupima nyumbani: uchachu upo au umeondoka.

HATUA YA 1: Chagua siku. Usipime ukiwa kwenye siku zako, damu ina pH ya 7 na kitu itaharibu jibu. Kaa siku mbili bila tendo. Kama ulikuwa unatumia dawa ya kuingiza kaa siku tatu. Na usijioshe ndani kabla ya kupima, wala baada, wala siku yoyote nyingine.

HATUA YA 2: Karatasi. Hapa ndo watu wengi wanapigwa. Unahitaji karatasi za pH zinazosoma kuanzia chini ya 4, zenye hatua ndogo ndogo katikati ya 4 na 5. Zile za kupima mkojo usinunue kwa kazi hii, pH yake kwa kawaida inaanzia 5, kwa hiyo hata ukiwa mzima kama kigingi haiwezi kukuonyesha 4.2, utatoka hapo unalia bure. Soma rangi zilizochapwa kwenye boksi kabla hujatoa hela, muuzaji asikuharakishe.

HATUA YA 3: Nawa mikono kwa sabuni, suuza sana, kausha kabisa kabisa. Sabuni ikibaki kwenye kidole unapima sabuni. Chuchumaa au weka mguu mmoja kwenye stuli, ingiza kidole au kijiti safi cha pamba sentimita chache tu, gusa ukuta wa pembeni alafu toa. Usiende mpaka mwisho kwenye mlango wa kizazi, ute wa kule wenyewe sio mchachu. Usilowanishe pamba na maji eti iteleze. Na karatasi yenyewe haiingii ndani jamani, nasema kwa sababu imeshatokea.

HATUA YA 4: Paka ule ute kwenye karatasi, linganisha na rangi za kwenye boksi kwa muda walioandika, usiiache ikakauke ndo uje kusoma. Soma kwenye mwanga wa mchana karibu na dirisha, mi mwenyewe niliwahi kusoma chini ya balbu ya njano nikaona kila kitu kina rangi ya chungwa.

HATUA YA 5: Jibu sasa. 4.5 kushuka chini, BV ina uwezekano mdogo, kama unawashwa na uchafu ni mzito kama mtindi ulioganda fikiria fangasi, fangasi kwa kawaida haibadilishi pH. Juu ya 4.5 pamoja na uchafu mwepesi wa kijivu au mweupe na shombo, BV inawezekana sana. Ila trikomonasi nayo inapandisha pH, na inaweza kunuka pia, na hiyo ni ya zinaa na lazima mwenzako atibiwe. Karatasi haizitofautishi.

Hospitali wanatumia vigezo vinne vilivyotolewa mwaka 1983: uchafu mwepesi, pH juu ya 4.5, shombo inayotoka wakidondoshea dawa ya alkali (kinyume cha asidi, kama sabuni), na seli zilizofunikwa na bakteria wakiangalia kwenye hadubini. Vikitimia vitatu ni BV. Wewe nyumbani kwa uhakika una kimoja, na pua. Kwa hiyo ukipata namba ya juu nenda maabara waambie unataka kipimo cha uchafu wa ukeni, wengine wanakiita HVS, usije kaunta kwangu kununua vidonge vitano. Dozi ya kawaida ni ya siku saba na unaimaliza hata harufu ikikata siku ya tatu.

MASWALI

Mama Jeni: Dada mi nina mimba ya miezi saba, nilikuwa najisikia majimaji nikapima ikasoma juu kabisa. Ninunue dawa gani?
Jibu: Usinunue kitu mama Jeni, nenda hospitali leo hii, usisubiri siku ya kliniki. Maji ya chupa ya uzazi nayo sio machachu, kwa hiyo hiyo karatasi inaweza ikawa imesoma chupa inayovuja na sio BV kabisa. Na hata ikiwa BV, kwa mjamzito inahusishwa na kujifungua kabla ya wakati, lazima waione wao. Ukifika waambie kabisa kwamba ni majimaji na yalianza lini.

Msukuma Halisi: Me ni mwanaume. Wife imemrudia mara tatu mwaka huu, mtaani wananiambia anachepuka.
Jibu: Waambie mtaani wapunguze. BV inarudi kwa wanawake wengi sana hata walio kwa mume mmoja. Ila kuna jambo jipya linakuhusu wewe: utafiti wa Australia uliotoka Machi 2025 uliwafuata wapenzi wasio na mwingine nje. Mume naye alipotibiwa, BV ilirudi kwa wanawake kama 35 kwenye kila 100 ndani ya wiki 12, mume asipotibiwa ikarudi kwa 63. Wanaume walipewa vidonge PAMOJA na krimu ya kupaka huko nje kwa siku saba. Kwa hiyo nendeni wawili mkaongee na daktari, usimalizie vidonge vya mkeo.

Bibi Harusi Mtarajiwa: Shangazi kanipa shabu na kitunguu swaumu niweke ndani, anasema nitakuwa msafi kabla ya harusi. Au niweke mtindi?
Jibu: Shkamoo shangazi, lakini hapana. Shabu inakausha na kuchubua, kitunguu kinaunguza, mtindi wa dukani bakteria wake sio wale wanaoishi ukeni. Maji tu nje, ndani kunajisafisha kwenyewe. Hongera ya harusi.

Nyamhanga: Mi nina miaka 56, hedhi ilikata zamani, sina harufu wala uchafu, nimepima tu kwa kutaka kujua ikaja 6. Nina BV?
Jibu: Shkamoo mama. Hedhi ikishakoma walinzi wanapungua wenyewe na pH inapanda, kwa umri wako karatasi hii haisemi kitu. Kama hakuna kinachokusumbua, itupe.

Dada wa Misungwi: Nimeshameza Flagyl dozi tatu tofauti, uchafu uko vile vile na nikikutana na mume wangu natoka damu kidogo. Nirudie kupima pH?
Jibu: Acha kupima dadangu, hiyo damu peke yake inapandisha namba. Na acha Flagyl. Huko kwetu uliza kwanza kichocho cha mkojo: ukichezea maji ya mabwawa na majaruba tangu utoto, mayai yake yanaweza kukaa kwenye mlango wa kizazi yakaleta uchafu na damu ya aina hiyo, na watu wanatibiwa magonjwa ya zinaa miaka mingi bila kupona. Dawa yake ni praziquantel. La pili omba wakuangalie mlango wa kizazi kwa kile kipimo cha siki cha kutafuta dalili za saratani, wanapaka wanaangalia pale pale, ni dakika chache. Ukifika usiseme tu "nina uchafu", maana utaandikiwa Flagyl ya nne. Anza na damu, sema inatoka baada ya tendo, alafu taja mabwawa uliyokulia.

Dada wa Misungwi: Wabeja sana. Jumatatu naenda.