Kazi inakumaliza? Pandisha na miguu: namna ya kurudishia mwili nguvu hapa Bukavu

Mi natumika mu biro kule Lumumba, nalala Kadutu. Mwaka jana saa nane ikifika macho inafunga, mugongo inauma, na mangaribi mutoto akileta devuari yake naona sawa ananitesa. Nilikuwa nasema kazi imezidi, kumbe makaratasi ni yale yale.

Iko hivi. Tuseme pumzi yako yote, ile nguvu ya mwisho yenye mwili inaweza kutoa, ni 10. Batu ba kupima mambo ya kazi banasemaga kazi ya masaa 8 isikule zaidi ya karibu 3 mu hiyo 10, ikipita pale unamaliza siku umekwisha. Sasa ukipita miaka 30 na unaikala tu, hiyo pumzi inashukaga karibu sehemu moja ya kumi kila miaka kumi. Kazi inabaki ile ile, lakini fungu yenye inakamata kwako inakuwa kubwa.

Kwanza jipime. Batu ba Finlande walitoa mu miaka ya 1980 maswali ya kupima nguvu ya kazi, na moja rahisi ni hii: siku zenye ulikuwa na nguvu ya kazi kupita zote tuzipe 10, leo uko na ngapi? Usijidanganye. Mi niliandika 6 ku kalenda, na roho iliniuma.

Kisha pumzi. OMS, shirika ya afya ya dunia, mu 2020 ilisema mutu mukubwa afanye dakika 150 mpaka 300 kwa juma za spoti ya kadiri, ao 75 mpaka 150 za nguvu. Ya kadiri ni ile unaweza kuongea lakini kuimba hauwezi. Bya kutafuta sale ya spoti ya kulipia bya nini, na hii milima yote? Mangaribi acha pikipiki chini, pandisha na miguu. Anza siku mbili kwa juma, juu wenye banaanzaga siku zote tano, siku ya ine hauwaone tena. Wakati wa mvua mi navaa bote, viatu ya biro iko mu sashe, na shimizi ya pili nayo, ju kuingia ku sefu umelowa jasho haipendezi. Kushuka, piga hatua fupi, kushuka njo kunachosha magoti kuliko kupanda.

Misuli nayo inaomba siku mbili kwa juma. Ikala ku kiti na usimame bila kushika na mikono, mara kumi, pumzika, rudilia. Sukuma ukuta. Kamata bidon ya maji nusu, tembeya nayo ndani ya parsele, mkono huu kisha ule. Na mu biro usitume plantoni kila saa, karatasi fata mwenyewe, kila nusu saa mugongo inyooke.

Lakini wewe wa kubeba magunia ao wa kujenga, sikuambie uongeze futingi. Batu banasemaga "ule anabeba siku muzima, spoti ya nini?" na hapo banakosea nusu: kubeba kunamuchosha bila kumupa nafasi ya kurudisha nguvu. Kwako kitu ya kwanza ni kulala vizuri, kukula, kubadilisha bega, na kuinua muzigo na magoti, si na mugongo. Siku ya kupumzika fanya zile za kiti, pole pole.

Na bandugu ba kabumbu ya siku ya yenga, siku sita ku kiti kisha match muzima: kazi-moja anakuya ku kazi anachechemea. Hapo nguvu ya kazi imeongezeka wapi?

Ukisikia kifua inabana, kizunguzungu, ao uko na tansio, pitia kwa munganga kwanza.

Kisha miezi mbili jiulize tena lile swali. Mi niliandika 7 na nusu. Kupanda Kadutu ningali nasimama mara moja, pale kwa mama wa ndizi, na ananichekaga kila siku.