Kabla hujampa mtu pasi na pesa akutafutie viza

Karafuu zikishauzwa tu, mawakala wa safari hutokeza Pemba kama kumbikumbi baada ya mvua. Wanajua nani kauza kilo ngapi, na nani ana kijana aliyemaliza skuli na anashinda barazani. Kwa hiyo, kabla hujatoa hata senti, pitia haya.

Pasi fuatilia mwenyewe. Ada ya pasi ya kawaida ni shilingi 150,000, na unalipa kwa namba ya malipo unayopewa na mfumo wa Uhamiaji. Anayetaka zaidi ya hapo ili "akusukumie" ni kishoka. Mpite.

Wakala muulize kibali chake, kisha usitosheke na karatasi aliyoitundika ukutani. Nenda Kamisheni ya Kazi ukaulize jina hilo. Nauli ya daladala haizidi hasara utakayoipata.

Aina ya viza isome. Viza ya kutembea haikupi ruhusa ya kufanya kazi, hata wakala akuapie kwa Mungu kwamba "utabadilishiwa ukifika". Viza ya kazi ya Omani huanzia kwa mwajiri wa huko huko. Yeye ndiye anayeiomba na jina lake huwa limo. Ukiuliza "nakwenda kwa nani?" na ukajibiwa "kwa tajiri mmoja Maskati", hujajibiwa.

Sasa la kuhakiki viza, na hapa nitakaa kidogo maana ndipo tulipolizwa sisi.

Mpwa wangu wa Wete alipata kazi ya udereva, Maskati. Wakala tulimuona kwa macho, alikuja nyumbani, akala wali kwetu, akawaamkia wazee mmoja mmoja. Alitaka shilingi milioni mbili na laki nane. Dada yangu akatoa fedha za karafuu, mimi nikaongeza laki sita. Tulilipa kwa simu, na jina lililotokea kwenye muamala halikuwa lake. Akasema, "Huyo mhasibu wetu." Tukaitikia.

Baada ya siku tisa akatuma viza kwa WhatsApp. Ina picha ya kijana, jina limekaa sawa herufi kwa herufi, nembo juu, na kile kimraba cha kupiga kwa kamera ya simu pale chini. Mimi ndiye msomi wa ukoo, basi nikajifanya mjuzi. Nikamwambia, "Bwana, sisi viza tunaihakiki." Hakubabaika hata kidogo. "Ndivyo inavyotakiwa, kaka. Piga hicho kimraba au bonyeza anuani hii." Nikabonyeza. Ukurasa ukafunguka, nikaandika namba ya viza na ya pasi, likatokea jina la mpwa wangu na alama ya tiki ya kijani. Nikamwambia dada yangu mtoto asafiri. Bi mkubwa akachinja kuku.

Uwanja wa ndege Dar es Salaam, dada wa kaunta aliandika namba ile mara mbili, akamwita mwenzake, akaandika tena. Haimo. Mpwa wangu akanipigia, na mimi nikampigia wakala. Simu iliita mara moja, kisha ikazimwa, na mpaka leo.

Ndipo nikautazama vizuri ule ukurasa. Tovuti ya viza ya Omani ni evisa.rop.gov.om, ya polisi wa huko. Ile yetu ilikuwa na maneno hayo hayo yakiunganishwa kwa vistari, lakini ilimalizikia .com. Tapeli alitengeneza viza, akatengeneza na mahali pa kuihakiki! Nilikuwa namuuliza mwizi kama yeye ni mwizi. Kwa hiyo anuani iandike kwa mkono wako, herufi kwa herufi, wala usibonyeze uliyotumiwa na kimraba usikipige. Ukishindwa, chapisha karatasi uende ubalozi mdogo wa Omani, upo hapa hapa Unguja.

Na wale wa Marekani: serikali ya kule haimtumii mtu barua pepe kumwambia kashinda bahati nasibu ya Green Card, kile kibali cha kuishi kule. Aliyecheza hujiangalizia mwenyewe kwa namba yake, kwenye tovuti inayomalizikia .gov. Barua ya "hongera, lipa ada" itupe.

Ukishapigwa, usikae na aibu yako kama sisi. Wiki tatu tulinyamaza ili majirani wasijue, na katika wiki hizo pesa ilikuwa imeshatolewa zamani. Siku hiyo hiyo piga kampuni ya simu waizuie kama bado ipo, nenda polisi na muamala, ile viza na mazungumzo yote, usifute kitu. Namba ya tapeli itume 15040, ndiyo namba ya kuripoti utapeli wa simu. Kama mtu kashavushwa na huko ananyang'anywa pasi au anafanyishwa kazi bila mshahara, hilo si deni la kudaiana, ni usafirishaji haramu wa binadamu, na sheria yake ya 2008 inafika mpaka Zanzibar. Lisemeni polisi hivyo hivyo.

Halafu atakuja tapeli wa pili, anayejua umetapeliwa kiasi gani, akuahidi kukurejeshea kwa "ada ndogo". Kwetu alikuja mwezi wa pili. Sauti ngeni, lakini alimjua bi mkubwa kwa jina.

Mwenye safari ya kweli naye asijiachie. Mkataba usome kabla ya kutia saini, na kama ni Kiarabu mtafute anayekijua asiyekuwa wakala. Nakala za pasi, viza na mkataba ziache nyumbani kwa mtu anayejua kusoma. Namba ya ubalozi wetu Maskati iandike kwenye karatasi uishone ndani ya nguo, maana simu ndiyo ya mwanzo kuchukuliwa.